Mlango Usiosukuma: Mikondo ya Upande Mmoja Mtoni, Mwilini na Katika Umeme

Mkondo wa upande mmoja ni mwendo wa kitu, yawe maji, damu, gesi au umeme, ambacho njia yake hukiruhusu kwenda lakini hukinyima kurudi. Maelezo hayo yanaonekana mepesi, ila ndani yake yamo mambo mawili ambayo watu huyachanganya mara nyingi, nayo ni msukumo na kizuizi. Msukumo hutokana na tofauti iliyopo baina ya ncha mbili za njia: tofauti ya kimo kwa maji ya mto, tofauti ya shinikizo kwa damu, tofauti ya volti kwa umeme. Kizuizi ni kile kinachoifunga njia pale tofauti hiyo inapogeuka. Mto una mteremko na hauna mlango; moyo una vyote viwili; na diodi, kipande kidogo kilichomo ndani ya kila chaja ya simu, ni mlango mtupu usio na nguvu yake yenyewe. Mji wa Bukavu ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa sababu umejengwa pale pale ambapo Ziwa Kivu linamwaga maji yake, na umeme unaowaka mjini unatokana na maji hayo hayo.

Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika mita zipatazo 770. Mto Ruzizi, wenye urefu wa kilomita 117 hivi, ndio unaoyaunganisha maziwa hayo mawili, na sehemu kubwa ya mteremko wake imo katika makorongo ya kilomita kama 40 kati ya Bukavu na Kamanyola, kabla mto haujatandaa katika uwanda unaobeba jina lake na kuingia Tanganyika karibu na Uvira na Bujumbura. Kwa mkazi wa Ibanda au Kadutu mjini Bukavu, upande unaoelekea mto huu haujawahi kuwa fumbo, lakini kwa wanajiografia wa Ulaya wa karne ya 19 ulikuwa fumbo kubwa. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira mwaka 1858 wakitumaini kwamba Ruzizi inatoka Tanganyika kwenda kaskazini, jambo ambalo lingelifanya ziwa hilo kuwa chanzo cha Nile. Wenyeji wakawaambia kwamba mto unaingia ziwani, wala hautoki. Jibu hilo halikupendeza, na mjadala ukaendelea London kwa miaka mingine 13, hadi Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakafika mdomoni mwa mto na kuyaona maji yakiingia. Walichokithibitisha ndicho kile kile kilichokwisha kusemwa Uvira na watu waliokuwa wakivua samaki hapo.

Hata hivyo, wale waliouhusisha ukanda huu na Nile hawakuwa mbali sana na ukweli, isipokuwa walichelewa kwa maelfu ya miaka. Wanajiolojia wanakubaliana kwamba zamani maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward na bonde la Nile. Volkeno za Virunga zilipoinuka, lava yake ikajenga ukuta uliokatiza bonde zima, maji yakajikusanya nyuma ya ukuta huo, ziwa likapanda, na kiasi cha miaka elfu kumi iliyopita, au zaidi kidogo, likafurika upande wa kusini kupitia sehemu ya chini kuliko zote ukingoni mwake, yaani hapo ilipo Bukavu leo. Tangu hapo maji ya Kivu hayaendi tena Bahari ya Kati. Yanapitia Tanganyika, Lukuga na Lualaba, na kuishia katika Atlantiki. Upande wa mkondo, basi, si tabia ya maji wala si tabia ya ziwa. Ni hesabu ya vimo, na hesabu hiyo ikibadilishwa na mlima wa moto, mkondo hugeuka bila kusita.

Mlango wa kutokea wa Tanganyika una historia fupi zaidi, nayo ilishuhudiwa na watu walioandika walichokiona. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliingia katika Mto Lukuga, karibu na ilipo Kalemie sasa, akautambua kuwa ndio tokeo la ziwa, ijapokuwa magugu yaliyoshikamana yalimzuia kuendelea mbali. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta tope na matete yameziba njia, na maji karibu hayasongi. Miaka mitatu baadaye, Edward Hore na Joseph Thomson, kila mmoja kwa wakati wake, waliukuta Lukuga umekuwa mto wenye nguvu, kwa sababu kina cha ziwa kilikuwa kimepanda hadi kikakivunja kile kizibo, na baada ya hapo uso wa Tanganyika ukashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Kila msafiri alikuwa ameeleza ukweli wa mwaka wake, na waliosoma taarifa hizo wakiwa Ulaya wakadhani kwamba mmoja wao lazima amekosea.

Makorongo ya Ruzizi yanaonyesha pia kwamba njia moja inaweza kuwa wazi kwa kitu kimoja na kufungwa kwa kingine. Maji hushuka, lakini samaki wa Tanganyika hawawezi kupanda maporomoko hayo, na hiyo ni mojawapo ya sababu za Tanganyika kuwa na mamia ya aina za samaki huku Kivu ikiwa na aina chache tu, na kwa muda mrefu haikuwa na samaki hata mmoja aliyeishi katikati ya maji yake mapana, mbali na ufuo. Sambaza, ambaye leo huuzwa katika kila soko la Bukavu na huvuliwa usiku kwa taa juu ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, hakupanda mto: alichukuliwa Tanganyika na kuletwa Kivu na binadamu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilibidi mtu amvushe samaki mlango ambao mto ulikuwa umemfungia kwa maelfu ya miaka.

Ndani ya mwili, swali la upande wa mkondo lilichukua muda mrefu zaidi kujibiwa kuliko swali la Ruzizi. Galeni, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2 aliyefuatwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, husambaa mwilini na kuliwa na viungo kama chakula, na kwamba sehemu yake hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, alikanusha vitundu hivyo akasema kwamba damu lazima izunguke kupitia mapafu ili kufika upande wa kushoto, na alikuwa sahihi. Kilichokosekana ni hoja ya mzunguko mzima, na hoja hiyo ilitokana na milango.

Girolamo Fabrici, mwalimu wa anatomia huko Padova nchini Italia, alichapisha mwaka 1603 maelezo ya vikuta vyembamba vilivyomo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Aliviona vizuri, akavichora vizuri, kisha akavielewa vibaya, kwani alidhani kazi yake ni kupunguza kasi ya damu ili isijae miguuni. Mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, alitazama vikuta hivyo hivyo na kutambua kwamba vyote vimeelekezwa upande mmoja, yaani moyoni. Katika kitabu chake cha mwaka 1628 alieleza jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulirudia: mkono hufungwa kwa kitambaa juu ya kiwiko hadi vena zivimbe, kisha kidole husukuma damu ndani ya vena kuelekea vidoleni, damu hugoma kupita fundo la kwanza, lakini ikisukumwa kuelekea begani hupita bila shida. Harvey aliongeza hesabu. Kama moyo husukuma kiasi fulani cha damu kwa kila pigo, basi katika nusu saa hutoa damu nyingi kuliko yote iliyomo mwilini, na ini haliwezi kutengeneza kiasi hicho; kwa hiyo damu ni ile ile inayozunguka. Leo inajulikana kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita tano kwa dakika, na mapigo yake hufikia laki moja kwa siku. Mishipa midogo mno iitwayo kapilari, inayofunga mzunguko huo, Harvey hakuiona. Ilionwa na Marcello Malpighi kwa hadubini mwaka 1661, miaka minne baada ya Harvey kufariki.

Moyo una vali nne, na vali ni jina la mlango wowote unaofunguliwa na mkondo wa mbele na kufungwa na mkondo wa nyuma. Mbili ziko kati ya vyumba vya juu na vyumba vya chini, na nyingine mbili ziko kwenye midomo ya mishipa mikubwa inayotoka moyoni. Sauti mbili ambazo daktari husikiliza kifuani kwa kipimo chake ni sauti za vali hizo zikifungwa, jozi moja baada ya nyingine. La kuzingatia ni kwamba vali haina msuli wa kujifungulia. Ni ngozi nyembamba, imara, inayosubiri. Chumba kikijikaza, shinikizo la nyuma yake huisukuma ikafunguka. Chumba kikilegea, damu inayotaka kurudi hujaa nyuma ya vikuta vyake na kuvikutanisha. Nguvu yote imo katika misuli ya moyo, na kazi ya vali ni kuhakikisha kwamba nguvu hiyo haipotei kwa kusukuma damu huku na huko pasipo maendeleo.

Kabla ya kuzaliwa, mtoto ana mlango wa tano, kitundu kilicho baina ya vyumba viwili vya juu vya moyo na kufunikwa na kikuta kimoja. Kwa kuwa mapafu yake bado hayana hewa na oksijeni hutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma, shinikizo la upande wa kulia huzidi la kushoto, damu hupenya kwenda kushoto na kuyakwepa mapafu. Mtoto anapovuta pumzi ya kwanza, mapafu hufunguka, damu tele hurudi kutoka mapafuni na kuingia upande wa kushoto, hesabu ya shinikizo hugeuka, na kikuta hubanwa kikaziba kitundu; baadaye, kwa watu wengi, hushikana moja kwa moja. Kwa takriban robo ya watu wazima hakishikani kabisa, na wengi wao huishi maisha yao yote bila kujua. Kilichochukua volkeno maelfu ya miaka katika bonde la Kivu hapa hutimia kwa dakika chache, na kwa kanuni ile ile.

Damu ya miguuni ina safari ngumu, kwa kuwa lazima ipande. Moyo uko mbali, na shinikizo lililobaki baada ya damu kupita kapilari ni dogo. Msukumo wa ziada hutoka kwenye misuli ya shavu la mguu, ambayo kila hatua huikamua damu ndani ya vena za ndani, na vali za vena huhakikisha kwamba damu iliyokamuliwa inakwenda juu tu. Mwanamke anayepanda ngazi za Kadutu na mzigo mgongoni anauchosha moyo wake, lakini vena za miguu yake zinafanya kazi vizuri. Muuzaji anayesimama mahali pamoja tangu asubuhi hadi jioni ndiye ambaye damu humkaa miguuni, vena zikatanuka, na vikuta vyake vikaachana visikutane tena. Hapo ndipo mishipa hujitokeza juu ya ngozi, imevimba na kujisokota. Mlango haujaharibika wenyewe. Fremu yake ndiyo iliyopanuka.

Uharibifu mbaya zaidi wa vali, katika Kongo na katika Afrika Mashariki yote, huanza kooni. Bakteria aitwaye streptokoka humpa mtoto, hasa wa kati ya miaka mitano na 15, maumivu ya koo ambayo wazazi wengi huyaona kuwa ya kupita. Kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili, baada ya kupambana na bakteria huyo, hugeukia viungo na moyo wao wenyewe, na hali hiyo huitwa homa ya rumatiki. Ikijirudia, vali hupata makovu, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto: ama hukakamaa ikashindwa kufunguka vizuri, ama hujikunja ikashindwa kufunga, na mara nyingi yote mawili kwa pamoja. Moyo hupata kazi mara mbili, kwa sababu sehemu ya damu uliyokwisha kuisukuma hurudi nyuma na kuhitaji kusukumwa tena. Penisilini, dawa ya bei ndogo, huzuia homa hiyo ikitolewa mapema, na sindano zake zikiendelezwa kwa miaka huzuia isirudi. Upasuaji wa kubadili vali, kwa upande mwingine, ni wa gharama kubwa na haupatikani karibu na wagonjwa wengi. Mwezi Mei 2018 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, na si vigumu kuona kwa nini: katika nchi tajiri umekuwa nadra, huku katika nchi maskini ukiendelea kuwaua vijana kwa sababu ya koo lisilotibiwa.

Neva nazo zina upande mmoja, lakini kwa namna ya kushangaza. Uzi wa neva wenyewe hauchagui: ukiguswa katikati kwa umeme, ishara husafiri kuelekea ncha zote mbili. Ishara inayotoka katika mwanzo wa kawaida husonga mbele tu kwa sababu sehemu iliyokwisha kupitiwa hukaa muda mfupi mno, kiasi cha elfu moja ya sekunde, ikiwa haiwezi kuamshwa tena. Mlango halisi uko pale neva moja inapokutana na nyingine, makutano ambayo mwaka 1897 Charles Sherrington aliyapa jina la sinapsi: upande mmoja una vifuko vya kemikali, upande wa pili una vipokezi vyake, na kwa kuwa vifuko haviko upande wa pili, ujumbe haurudi.

Katika umeme wa Bukavu jambo hili hupata mzunguko wake wa ajabu. Kituo cha Ruzizi I, kilichojengwa kwenye tokeo la ziwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendeshwa na SNEL, shirika la umeme la Kongo, na kile cha Ruzizi II kilicho chini yake, kilichoanza mwaka 1989 na kumilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, hutumia maji yanayokwenda upande mmoja kuzungusha turbini zinazozunguka upande mmoja. Mto haubebi maji peke yake, bila shaka. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa katika mitaro ya Bukavu huteremka ziwani kwa mvua, husogea kuelekea tokeo, na kufika Ruzizi I, ambako kufikia mwaka 2021 ilikuwa ikiziba mitambo na kuchangia mji kukosa umeme.  Taka za mji zina mahali pamoja tu pa kupitia.

Umeme unaotoka katika turbini hizo, tofauti na maji yaliyozizungusha, hauna upande. Sumaku inayozunguka ndani ya jenereta huzisukuma elektroni za waya mbele kisha nyuma, mara 50 kwa sekunde, na umeme wa namna hiyo huitwa umeme geu. Unafaa sana kusafirishwa mbali, kwa sababu volti zake hupandishwa na kushushwa kwa urahisi kwa transfoma, lakini simu, redio na betri haziwezi kuutumia hivyo ulivyo. Betri inayosukumwa mbele na nyuma kwa kiasi sawa haijai kamwe. Kwa hiyo kila chaja hufanya kazi ya kuunyoosha umeme huo, na kifaa kinachofanya kazi hiyo ni diodi.

Diodi ya siku hizi ni kipande cha silikoni chenye pande mbili. Upande mmoja umechanganywa na kiasi kidogo mno cha fosforasi, ambayo huacha elektroni za ziada; upande wa pili umechanganywa na boroni, ambayo huacha nafasi tupu zinazohitaji elektroni. Pale pande hizo zinapokutana, elektroni za jirani huingia katika nafasi za jirani, na ukanda mwembamba usio na kitu cha kubeba umeme hubaki katikati kama ukuta. Volti ikielekezwa upande unaofaa ukuta huo huwa mwembamba, na ikifika kiasi cha nusu volti au zaidi kidogo umeme hupita kwa wingi. Ikigeuzwa, ukuta hunenepa na umeme hukoma. Diodi nne zikipangwa kwa utaratibu maalumu, nusu ya mbele ya umeme geu hupitia mbili, na nusu ya nyuma hupitia nyingine mbili kwa namna ambayo zote hutokea upande ule ule. Kila mlango hutoza ushuru wake, kwani sehemu ya volti hupotea hapo na kugeuka joto, na hiyo ni mojawapo ya sababu za chaja kuwa ya moto ikiguswa.

Kanuni hiyo ni ya zamani kuliko silikoni. Mwaka 1874 Ferdinand Braun, Mjerumani, aligundua kwamba umeme hupita kwa urahisi upande mmoja pekee pale ncha ya waya inapogusa fuwele za madini fulani, kama galena, ambayo ni madini ya risasi. Wakati huo hakuna aliyejua kazi ya ugunduzi huo. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Marconi huko London, alipata matokeo kama hayo kwa taa ya kioo isiyo na hewa, ambamo elektroni huruka kutoka uzi wa moto kwenda bamba baridi na haziwezi kuruka kinyume. Njia zote mbili zilikuja kutumika katika redio. Wimbi linalobeba sauti katika masafa ya kati na masafa mafupi hupanda na kushuka kwa kiasi sawa, hivyo wastani wake ni sifuri, na spika ikipewa wimbi zima haisemi lolote. Diodi ikikata nusu moja, kinachobaki ni umbo la sauti yenyewe. Msikilizaji aliyefungua redio ya namna hiyo anayasikia maneno kwa sababu ya mlango uliokataa kurudisha nusu ya kile kilichopokelewa.

Hakuna mlango unaofunga kabisa, na hapa ndipo maelezo ya vitabu vingi huwa mepesi kupita kiasi. Vali yenye afya huruhusu tone kurudi kabla haijafunga. Diodi huvujisha kiasi kidogo kinyume, huvujisha zaidi ikipata joto, na volti ya kinyume ikizidi kikomo chake huachia kabisa, mara nyingi kwa kuungua. Mabomba ya maji yana vali za aina hiyo hiyo kwenye pampu, ili pampu ikizimika umeme unapokatika safu ya maji iliyokwisha kupandishwa mlimani isirudi chini. Lakini mtandao ambao maji yake hukatika na kurudi una hatari nyingine, kwa sababu shinikizo likianguka ndani ya bomba lenye ufa, maji machafu yaliyo nje huingia kupitia ufa ule ule ambao jana ulikuwa ukitoa maji safi. Ufa haujui ndani wala nje. Katika jimbo ulimo mji wa Bukavu, ambako kipindupindu hakijawahi kuondoka moja kwa moja, fundi anayeziba uvujaji anafanya kazi ya daktari.

Chini ya Ziwa Kivu kuna kizuizi kingine, kisicho na kikuta wala bawaba. Maji ya kina, yenye chumvi nyingi na gesi nyingi, ni mazito kuliko yaliyo juu, na kwa sababu hiyo hayapandi kuchanganyika nayo. Chini ya hapo zimekusanyika takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, zikipimwa kama gesi iliyo huru. Nchini Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt huvuta maji hayo kwa mabomba yaliyozamishwa mamia ya mita. Pampu huhitajika mwanzoni tu. Maji yakipanda, shinikizo hupungua, mapovu hutoka, mchanganyiko huwa mwepesi, na safu nzima huendelea kupanda yenyewe. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayolifanya ziwa kuwa la kuogopwa, kwani mwaka 1986 Ziwa Nyos nchini Kameruni, lililo dogo mno kulinganisha na Kivu, lilimwaga gesi yake kwa usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700.

Je, mlango mzuri wa kutosha hauwezi kuumba mkondo bila msukumo wowote? Hewa iliyotulia imejaa molekuli zinazokwenda ovyo kila upande, na wazo la kuweka vali ndogo sana itakayopitisha zile zinazokwenda mbele na kuzuia zile zinazorudi limewavutia watu wengi waliotaka nishati ya bure. Mwaka 1912 mwanafizikia wa Poland Marian Smoluchowski alionyesha kwa nini haliwezekani: vali iliyo nyepesi kiasi cha kufunguliwa na molekuli moja nayo pia hutikiswa na joto lile lile, hufunguka na kufunga ovyo, na huachia nyuma sawa na inavyopitisha mbele. Diodi iliyounganishwa na waya mtupu mezani haitoi umeme kwa sababu hiyo hiyo, hata ikingojewa karne nzima.

Paneli ya jua, ambayo nyumba nyingi za Bukavu zimeifunga juu ya bati ili kukabiliana na umeme unaokatika, inaonekana kuivunja kanuni hiyo, kwa kuwa kila seli yake ni diodi ya silikoni iliyotandazwa, na diodi hiyo inatoa umeme. Lakini msukumo hautoki katika silikoni. Mwanga wa jua, unaotoka mahali penye joto la maelfu ya nyuzi, hung'oa elektroni ndani ya silikoni baridi, na ule ukuta wa katikati huzitenga na nafasi zilizoziacha, elektroni zikatokea upande mmoja na nafasi upande wa pili. Mlango unabaki mlango. Jua ndilo linalosukuma. Jua likizama, seli hubaki diodi tu, na kwa bahati mbaya imeelekezwa vibaya kwa mwenye nyumba: betri iliyojaa mchana inaweza kurudisha umeme wake polepole kwenye paneli iliyo gizani, ukapotea kama joto juu ya paa. Ndiyo maana fundi huweka kati ya paneli na betri diodi nyingine ya kuzuia, au kidhibiti cha chaji chenye kazi hiyo ndani yake, na katika vifaa vya bei rahisi ambavyo watengenezaji wake wameibana gharama hiyo, njia ya uhakika ya kujua kama ipo ni kupima kwa mita, baada ya magharibi, kama kuna umeme unaotoka katika betri kuelekea kwenye paneli.